Mteremko na kikato: jinsi ya kuusoma mstari wa grafu ya jaribio bila kupoteza alama

Wanafunzi wengi wa sekondari hufanya kazi ya maabara vizuri. Wanapima, wanajaza jedwali, wanaweka nukta kwenye grafu. Kisha swali linadai mteremko wa mstari na mahali unapokata mhimili wa wima, na hapo ndipo alama zinapomwagika.

Makosa ni yale yale. Nukta za kukokotolea zimechukuliwa kwenye jedwali badala ya kwenye mstari. Pembetatu ni ndogo kama kucha. Jibu halina kizio. Kikato kimesomwa kwenye mhimili ambao si mahali pake. Mwongozo huu unafuata jaribio moja, la springi iliyoning'inizwa mizigo, kuanzia jedwali hadi jibu la mwisho, halafu unaonyesha mengine mawili ambayo mstari wake una tabia tofauti.

## Maneno mawili kabla ya kushika penseli

Mteremko, ambao darasani wengi huuita gredienti au slopu, unajibu swali hili: kilichopo kwenye mhimili wa mlalo kikiongezeka kwa kimoja, kilichopo kwenye mhimili wa wima kinabadilika kwa kiasi gani?

Kikato, ambacho wengi hukiita intasepti, kinajibu swali lingine: kilichopo kwenye mlalo kikiwa sifuri, kilichopo kwenye wima ni kiasi gani?

Chukua tenki lenye lita 200, ukalifungulia bomba linaloingiza lita 15 kila dakika. Baada ya dakika x, maji ni y = 15x + 200. Hiyo 15 ni mteremko, na 200 ni kikato, yaani maji uliyoyakuta kabla hujafungua bomba. Umbo la jumla ni y = mx + c: m ni mteremko, c ni kikato.

Neno mteremko lisikuchanganye. Katika mazungumzo ya kila siku mteremko ni pa kushuka, na pa kupanda tunasema mlima au mwinuko. Kwenye hesabu neno ni hilo moja kwa yote mawili. Mstari unaopanda kuelekea kulia una mteremko chanya, unaoshuka una mteremko hasi.

## Vifaa

- Karatasi ya grafu, karatasi nzima. Hapa tunatumia yenye miraba midogo ya milimita 2, kumi kwa kila sentimita 2.
- Penseli ya HB iliyochongwa vizuri. Penseli butu huchora mstari mnene wa karibu milimita 1, yaani nusu ya mraba mdogo, na unene huo tayari ni kosa la kusoma.
- Rula ya sentimita 30 inayopitisha mwanga. Unahitaji kuziona nukta za pande zote mbili za rula wakati unautafuta mstari. Rula ya sentimita 15 itakulazimisha kuchora vipande viwili, navyo havikutani sawasawa.
- Raba safi na kikokotoo.

Kama unafanya na jaribio lenyewe, ongeza springi, stendi na klampi yake, mizigo sita ya gramu 50 na rula ya mita moja. Kama huna, tumia vipimo hivi:

- gramu 50: urefu wa springi sm 14.0
- gramu 100: sm 15.9
- gramu 150: sm 18.1
- gramu 200: sm 20.0
- gramu 250: sm 22.1
- gramu 300: sm 23.9

## Hatua ya 1: Weka kila kitu kwenye mhimili wake

Swali likisema "chora grafu ya urefu dhidi ya mzigo", kinachotajwa kwanza kinakaa kwenye wima. Urefu L unapanda juu, mzigo m unalala chini (m hii ni mzigo, si ile m ya mteremko kwenye y = mx + c).

Ukivigeuza, nukta bado zitanyooka na grafu itapendeza kwa macho, ila majibu yatakuwa ya swali jingine. Kwa vipimo vyetu, mpangilio sahihi unatoa mteremko wa 0.04 na kikato cha 12. Uliogeuzwa unatoa mteremko wa 25 na kikato cha −300. Mtu aliyepata "gramu −300" na kuiandika kwenye karatasi ya majibu bila kushtuka, hakuisoma sentensi ya swali hadi mwisho.

Andika kwenye kila mhimili jina la kipimo na kizio chake, kwa mfano "L (sm)" na "m (g)". Fanya hivyo sasa, kabla ya nukta. Hatua ya 6 inategemea maandishi haya.

Umefaulu kama: mtu asiyelijua jaribio lako anaweza kusema ni nini kimepimwa na kwa kizio gani kwa kuitazama mihimili peke yake.

## Hatua ya 2: Chagua skeli, na anza mlalo kwenye sifuri

Hii ndiyo hatua inayoua kikato, kwa hiyo twende taratibu.

Wanafunzi husikia kwamba "grafu ianzie sifuri" na kuanza kubishana ni mhimili upi. Kama unahitaji kusoma kikato cha wima moja kwa moja kwenye karatasi, unaopaswa kuanza na sifuri ni mhimili wa *mlalo*. Sababu iko kwenye maana yenyewe: kikato ni thamani ya L wakati m ni sifuri. Kama m = 0 haipo kwenye karatasi yako, hakuna mahali pa kuisoma thamani hiyo.

Ukianzisha mlalo kwenye gramu 50, mstari utaugusa ule mhimili wa wima uliochora kwenye sm 14.0, na utaandika 14.0 kwa uhakika kabisa. Lakini hiyo ni urefu wa springi ikiwa na gramu 50. Jibu ni sm 12.0.

Mhimili wa wima, kwa upande wake, unaweza kuanza popote chini ya kikato. Kwa vipimo vyetu urefu wote uko kati ya 12 na 24. Ukianza wima na sifuri, nusu ya chini ya karatasi itabaki tupu na nukta zitasongamana juu. Anza na 10, na uandike 10 wazi kwenye kona ili msomaji asidhani ni sifuri.

Skeli inayofaa hapa:

- Mlalo: sentimita 2 za karatasi kwa gramu 50. Mraba mdogo mmoja ni gramu 5.
- Wima: sentimita 2 za karatasi kwa sentimita 2 za springi. Mraba mdogo mmoja ni sm 0.2.

Tumia skeli za 1, 2, 5 au 10 na jamaa zake (20, 50, 100). Epuka 3, 7 na nyingine za namna hiyo. Mtu aliyechagua sentimita 2 kwa gramu 30 atakuta mraba mdogo ni gramu 3, na gramu 50 itaangukia kati ya mraba wa kumi na sita na wa kumi na saba. Hapo anaanza kukisia, na kila nukta inapata kosa jipya lisilotokana na jaribio.

Umefaulu kama: nukta zako zitaenea zaidi ya nusu ya karatasi kila upande, na unaweza kusema thamani ya mraba mdogo bila kushika kikokotoo.

## Hatua ya 3: Weka nukta

Tumia msalaba mdogo (×) au nukta ndogo iliyozungushiwa duara. Donge kubwa la penseli linaficha mahali halisi pa nukta.

Kabla ya kuendelea, tazama kama kuna nukta iliyokaa mbali na wenzake. Ikiwepo, rudi kwenye jedwali kwanza, kisha kwenye springi kama bado iko kwenye stendi. Mara nyingi ni tarakimu zilizobadilishana nafasi, 15.9 imekuwa 19.5. Usiifute nukta kwa sababu tu inakuharibia mstari. Ipime upya, au iache na uizungushie alama ya kuonyesha kwamba umeiona.

## Hatua ya 4: Chora mstari unaowakilisha nukta zote

Mstari hauungi nukta ya kwanza na ya mwisho. Wala haurukiruki kutoka nukta moja hadi nyingine kama umeme wa radi. Ni mstari mmoja mnyoofu unaopita katikati ya nukta, nyingine zikibaki kidogo juu yake na nyingine kidogo chini.

Macho peke yake hudanganya, kwa hiyo tumia nukta ya wastani. Jumlisha mizigo yote na ugawe kwa idadi: 1050 ÷ 6 = gramu 175. Fanya hivyo kwa urefu: 114.0 ÷ 6 = sm 19.0. Weka alama ndogo kwenye (175, 19.0). Mstari bora kabisa hupita hapo daima, kwa hiyo sasa una kazi moja tu: shika ncha ya penseli kwenye alama hiyo, egemeza rula, na uizungushe taratibu hadi nukta za juu na za chini zilingane pande zote mbili.

Endeleza mstari kuelekea kushoto mpaka uguse m = 0. Sehemu hiyo isiyo na nukta ichore kwa vistari vilivyokatika, kuonyesha kwamba hukupima hapo.

Onyo: usiulazimishe mstari upite kwenye kona ya karatasi. Wapo waliozoea kwamba "mstari huanzia kwenye sifuri", wanauvuta mpaka kona. Springi ina urefu wake hata bila mzigo, na kona yenyewe hapa si sifuri, ni 10.

Umefaulu kama: ukihesabu nukta zilizo juu ya mstari na zilizo chini yake zinakaribiana, na hazijajipanga zote za juu upande mmoja na zote za chini upande mwingine. Zikijipanga hivyo, rula yako imeinama kupita kiasi au haijainama vya kutosha.

## Hatua ya 5: Pata mteremko kwa pembetatu kubwa

Chagua sehemu mbili *kwenye mstari wenyewe*, zilizo mbali, ambazo mstari unapita karibu na makutano ya miraba ili zisomeke kirahisi. Zisiwe nukta za jedwali. Hapa tunachukua A (20, 12.8) na B (280, 23.2).

Kutoka A chora mstari wa mlalo, kutoka B ushushe wa wima, ikutane. Hiyo ndiyo pembetatu. Andika thamani za A na B kwenye grafu yenyewe, maana msahihishaji huzitafuta hapo.

Kisha:

mteremko = (23.2 − 12.8) ÷ (280 − 20) = 10.4 ÷ 260 = 0.04

Kwa nini si nukta za jedwali? Jaribu mwenyewe. Kati ya gramu 100 na 150, jedwali linatoa (18.1 − 15.9) ÷ 50 = 0.044. Kati ya gramu 250 na 300 linatoa (23.9 − 22.1) ÷ 50 = 0.036. Springi ni moja, vipimo ni vyako mwenyewe, na majibu yamepishana kwa zaidi ya asilimia 20. Kila nukta ya jedwali imebeba kosa lake dogo la kusoma rula. Mstari umeshayasawazisha makosa hayo, na ndiyo sababu uliuchora. Ukirudi kwenye jedwali umeitupa kazi yote ya hatua ya 4.

Kwa nini pembetatu iwe kubwa? Tuseme jicho lako linakosea nusu ya mraba mdogo, yaani sm 0.1, kwenye kila ncha. Jumla inaweza kufika sm 0.2. Kwenye pembetatu yenye urefu wa sm 2.0, kosa hilo ni asilimia 10. Kwenye yetu yenye 10.4, ni kama asilimia 2 tu. Jicho ni lile lile. Pembetatu ifunike angalau nusu ya mstari, na theluthi mbili au zaidi ni bora.

Mpangilio nao una sheria moja: ukianza na B juu ya mgawanyo, anza na B chini yake. Ukichanganya, (23.2 − 12.8) ÷ (20 − 280), utapata −0.04 kwenye mstari unaopanda mbele ya macho yako.

### Usipime pembe

Kuna wanaochukua kipimapembe, wakapima mwinamo wa mstari na kutafuta tanjenti. Kwa skeli tuliyochagua, kila gramu 50 ni sentimita 2 za karatasi kwenda kulia, na springi hurefuka sm 2.0, ambazo nazo ni sentimita 2 za karatasi kwenda juu. Mstari umelala nyuzi 45 kamili. Tanjenti ya nyuzi 45 ni 1. Mteremko wetu ni 0.04.

Pembe hiyo ni ya karatasi. Ukibadilisha skeli, pembe inabadilika, na springi haijui lolote kuhusu skeli yako. Kwa sababu hiyo hiyo usihesabu miraba wala kupima pande za pembetatu kwa rula. Soma namba zilizoandikwa kwenye mihimili.

## Hatua ya 6: Mpe mteremko kizio chake

Kizio cha mteremko ni kizio cha wima gawa kwa kizio cha mlalo. Hapa ni sentimita gawa kwa gramu, kwa hiyo mteremko ni 0.04 sm/g. Isome kwa sauti: kila gramu moja inayoongezwa hurefusha springi kwa sentimita 0.04. Ukiweza kuisoma hivyo na ikaleta maana, umeielewa.

Kizio cha kikato ni kile kile cha mhimili wa wima, bila kugawa chochote. Hapa ni sm.

## Hatua ya 7: Soma kikato, kisha kihakiki kwa hesabu

Fuata vistari ulivyochora hadi m = 0. Kwenye grafu yetu vinagusa mhimili kwenye sm 12.0.

Sasa kipate kwa njia ya pili. Chukua B na mteremko:

c = y − (mteremko × x) = 23.2 − (0.04 × 280) = 23.2 − 11.2 = 12.0

Yakilingana, umepata. Yakipishana kwa zaidi ya mraba mdogo mmoja, kuna mahali umesoma vibaya, na mara nyingi ni thamani za A au B.

Njia hii ya pili ndiyo ya kutumia pia pale ambapo mlalo haukuweza kuanza na sifuri. Tuseme vipimo vyako viko kati ya 900 na 1000: ukianza na sifuri, nukta zote zitabanana kwenye pembe moja. Anza na 900, pata mteremko, kisha kokotoa c. Usikisome kikato kwenye karatasi hiyo.

Mwisho, jaribu mlinganyo wote kwa sehemu ya tatu. L = 0.04m + 12.0. Kwa gramu 200: 8.0 + 12.0 = 20.0. Mstari wako unapita hapo? Basi.

## Hatua ya 8: Eleza maana yake

Swali zuri haliishii kwenye namba. Linauliza kikato kinawakilisha nini, au linakutaka utumie mteremko kupata kitu kingine.

Kikato cha sm 12.0 ni urefu wa springi bila mzigo. Ila tazama ulipima nini. Kama hukupima springi yenyewe bali ulisoma mahali mshale unapoonyesha kwenye rula ya mita, basi kikato ni usomaji wa mshale bila mzigo. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Mteremko unakupa ukakamavu wa springi, yaani niutoni ngapi zinahitajika kuirefusha kwa mita moja. Badilisha vizio vyote viwili: sm 0.04 ni mita 0.0004, na gramu 1 ni kilogramu 0.001. Mteremko ni 0.0004 ÷ 0.001 = 0.4 m/kg. Kilogramu moja huvuta kwa niutoni 9.8, nayo inarefusha springi kwa mita 0.4, kwa hiyo ukakamavu ni 9.8 ÷ 0.4 = 24.5 N/m. Kosa la kawaida hapa ni kubadilisha sentimita na kusahau gramu. Jibu linakosea mara elfu moja.

Kikato pia ni shahidi wa makosa ya maabara. Tuseme kishikio cha kuning'inizia mizigo kina gramu 50 na hukukihesabu. Kila mzigo kwenye jedwali utakuwa pungufu kwa gramu 50, mstari wote utasogea, na kikato kitapanda kwa 0.04 × 50 = sm 2.0. Kitakuwa 14.0. Mteremko hautabadilika hata kidogo. Kwa hiyo ukiona kikato kimezidi urefu ulioupima kwa rula kabla ya kuning'iniza kitu, ulizia kishikio kwanza.

Kikiwa pungufu badala yake, itazame springi. Zipo ambazo mizunguko yake imebanana sana kiwandani, haianzi kuachana mpaka mzigo ufikie kiasi fulani. Hizo hazinyooki mwanzoni, na mstari ulioendelezwa nyuma hukata chini ya urefu halisi.

## Pendulamu: kikato kidogo kinachosema mengi

Ning'iniza tufe la chuma lenye kipenyo cha sm 2 kwa uzi. Pima uzi kutoka klampi hadi *juu ya tufe*, kisha hesabu muda wa mabembeo 20. Gawa kwa 20 kupata T, muda wa bembeo moja, halafu kipeo chake cha pili:

- uzi m 0.20: sekunde 18.4, T² = 0.85
- m 0.40: 25.7, T² = 1.65
- m 0.60: 31.4, T² = 2.46
- m 0.80: 36.1, T² = 3.26
- m 1.00: 40.3, T² = 4.06

Chora T² dhidi ya urefu wa uzi. Kwenye mstari tunasoma (0.10, 0.44) na (0.90, 3.66). Mteremko ni 3.22 ÷ 0.80 = 4.025, na kizio ni s²/m.

Kanuni inasema mteremko huu ni 4π² gawa kwa g, mchapuko wa mvutano wa dunia (si gramu). Kwa hiyo g = 39.48 ÷ 4.025 = 9.81 m/s².

Kikato kinakuja karibu 0.04 s². Ni kidogo kiasi kwamba wengi hukifuta na kuuvuta mstari upite sifuri. Usifanye hivyo. Gawa kikato kwa mteremko: 0.04 ÷ 4.025 = karibu mita 0.01, yaani sm 1. Hicho ni nusu kipenyo cha tufe! Urefu wa pendulamu unapaswa kufika katikati ya tufe, na wewe uliishia juu yake. Mstari umekwambia umesahau nini na kwa kiasi gani.

Tazama pia faida ya kutumia mteremko badala ya kipimo kimoja cha jedwali. Ukichukua uzi wa m 0.20 peke yake, g inatoka 39.48 × 0.20 ÷ 0.846 = 9.33. Kosa la sentimita moja limeingia lote kwenye jibu. Kwenye mteremko kosa hilo hilo halionekani, kwa sababu limehamia kwenye kikato.

## Betri: mstari unaoshuka

Betri kavu moja ya volti 1.5, mkondo (A, yaani ampia) ukiongezwa kidogo kidogo, na volti (V) zikisomwa kwenye ncha zake:

- A 0.20: V 1.41
- A 0.40: V 1.29
- A 0.60: V 1.20
- A 0.80: V 1.11
- A 1.00: V 0.99

Kanuni ni V = E − Ir, ambapo I ni mkondo na r ni ukinzani wa ndani ya betri. Ipange ifanane na y = mx + c: V = −rI + E. Mteremko ni *−r*, na kikato ni E, volti za betri isipotoa mkondo.

Kwenye mstari: (0.10, 1.45) na (0.90, 1.05). Mteremko = (1.05 − 1.45) ÷ 0.80 = −0.50 V/A. Andika alama ya hasi. Ndipo useme r = 0.50, kwa omu. Ukinzani wenyewe hauwi hasi, na mwanafunzi anayeandika "r = −0.50" amesimama hatua moja kabla ya jibu. Kikato ni V 1.50.

Mlalo uanze na sifuri hapa pia. Anayeanza na A 0.20 husoma karibu V 1.40 na kudhani betri imechoka.

Kati ya usomaji na usomaji, zima swichi. Betri ikiachwa inatoa mkondo muda wote huchoka, volti za mwisho zinashuka kuliko inavyostahili, na mstari unapinda kuelekea chini upande wa kulia.

## Mlinganyo usiokaa kwenye umbo lake

Mtihani wa hisabati hautoi jedwali, hutoa kitu kama 3x + 2y = 12, na wengi hujibu haraka kwamba mteremko ni 3. Mteremko unaonekana tu baada ya y kubaki peke yake. Hamisha 3x: 2y = −3x + 12. Gawa *kila kipande* kwa 2: y = −1.5x + 6. Mteremko ni −1.5, kikato cha wima ni 6. Mahali mstari unapokata mlalo, weka y = 0 kwenye mlinganyo wa mwanzo: 3x = 12, x = 4.

Mstari uliolala kabisa, kama y = 5, una mteremko wa sifuri. Uliosimama wima, kama x = 5, hauna mteremko wa kuandika, kwa sababu utagawa kwa sifuri, na haukati mhimili wa wima popote.

## Jibu likikataa

Mteremko umepishana na wa wenzako mara 10, 100 au 1000. Ni vizio. Angalia kama umebadilisha sentimita na gramu zote mbili, au umesoma skeli ya mraba mdogo vibaya.

Mteremko wako ni kinyume cha wao, 25 kwa 0.04. Mihimili imegeuka. Zidisha majibu mawili: yakitoa 1, ndiyo hiyo.

Mteremko ni sawa, kikato kimehama. Kuna kiasi kimoja kilichoongezeka au kupungua kwenye vipimo vyote: kishikio, nusu kipenyo, mshale wa kifaa cha kupimia ambao haukuanzia kwenye sifuri. Kama kiasi hicho kiko kwenye mlalo, gawa kiasi ambacho kikato kimehama kwa mteremko upate ukubwa wake. Kama kiko kwenye wima, kiasi ambacho kikato kimehama ndicho ukubwa wake.

Nukta za mwisho zinauacha mstari. Kwenye springi, huenda umeivuta kupita uwezo wake. Ondoa mizigo yote uone kama inarudi sm 12.0. Isiporudi, chora mstari kwa nukta za mwanzo tu, andika pembeni ulikoishia, na utumie springi nyingine kwa jaribio linalofuata.